Saa ya Kuchuma

Saa kumi alasiri, jua la Likoni likiwa bado linawaka juu ya mabati, vitumba vya asumini huwa tayari. Jana yake vilikuwa vya kijani, vimekaza, vimejificha katikati ya majani. Leo vimegeuka vyeupe, vimenenepa kuelekea ncha, na shingo ya kila kimoja imerefuka. Bado havijachanua, na harufu yake ni ndogo mno. Anayevichuma saa hii ana nafasi ya kuvitunga taratibu, na vyenyewe vitafunguka usiku, vikiwa kichwani mwa bibi harusi au vimetawanywa juu ya kitanda. Anayengoja hadi baada ya Isha huvikuta vimekwisha kufunguka. Petali huchubuka kwa kuguswa tu, na kufikia asubuhi zimegeuka rangi ya kahawia. Kati ya mmoja na mwenzake pana muda mfupi sana, na hakuna mbolea wala dawa ya kuufidia.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwatazama watu wanaolea mimea ya harufu katika bara ya Mombasa: ng'ambo ya feri huko Likoni na Mtongwe, Kisauni kuanzia Mishomoroni hadi Utange, na juu kule Changamwe, Magongo na Chaani. Wengi wao ni wanawake wazee, ingawa nimeona pia makuli waliostaafu bandarini wakiinama juu ya mrehani kwa uangalifu ambao vijana wao hawajauona kwao katika jambo jingine lolote. Hawana mashamba. Wana uwanja wa nyuma ya jikoni, ukumbi wa mbele wenye madebe manne, au ukanda wa ardhi kati ya ukuta wa jirani na bomba la maji machafu. Humo ndimo wanamofanya kazi ninayoiona kuwa miongoni mwa kazi za ustadi zilizobaki katika mji huu.

Katika viwanja hivyo sijaona mtu anayetenga mmea wa kunukia na mmea wa kuliwa. Mchaichai wa kutia kwenye chai husimama ubavuni mwa asumini. Mdimu hupandwa kwa ajili ya ndimu, lakini wenye nyumba huvuta kiti chini yake wakati umetoa maua. Mstafeli uko pale pale, mtopetope uko pale pale, na penye bahati pana kichaka cha mtandamboo, ambacho kimepewa vyote viwili: ua la kukufanya usimame njiani, na tunda la kula. Kinachowaunganisha walezi wa mimea hii, kwa jinsi ninavyowaona, ni elimu ya wakati. Wanajua lini kukata, lini kunyima maji, lini kuuacha mmea peke yake, na lini kunyoosha mkono. Mengine yote yanaweza kununuliwa sokoni Kongowea.

Ardhi yenyewe haiwapi wepesi. Sehemu kubwa ya Likoni na Kisauni imekaa juu ya matumbawe, na juu ya hayo matumbawe pana mchanga wa kina kidogo. Ukitaka shimo la mche unahitaji mtaimbo, na mara nyingi hufika kwenye goti tu kabla chuma hakijaanza kulia juu ya jiwe. Mchanga huo haushiki maji. Jiwe lenyewe ni chokaa, na chokaa huyafunga madini ya chuma ndani ya udongo hata mizizi isiyapate. Dalili yake huonekana kwenye asumini kabla ya mmea mwingine wowote: jani changa hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kila mshipa umechorwa wazi hadi pembeni. Wasiojua hudhani ni kiu wakazidisha maji. Wanaojua hutia mboji, samadi ya mbuzi iliyokaa na kuoza, na majani ya mwembe yaliyolala chini ya mti msimu mzima, kisha husubiri jani lijalo. Lile la manjano hawalishughulikii tena.

Chini kabisa ya shimo hupanga makumbi ya nazi. Hayo hunyonya maji wakati wa masika na kuyaachia kidogo kidogo kaskazi inapokausha kila kitu. Nimeona shimo likichimbuliwa miaka kadhaa baada ya kupandwa, na makumbi yalikuwa yamekuwa meusi, laini, mizizi ya asumini imepenya ndani ya nyuzi zake na kuzishika. Juu ya ardhi hutandaza makuti makuukuu. Kazi hii yote hufanyika kabla mche haujaletwa, na mara nyingi mwezi mzima kabla, ili ardhi itulie.

Changamwe ni habari nyingine. Kule juu hakuna matumbawe. Pana mwamba uliotokana na tope la bahari la enzi ya Jurasiki, na udongo wake ni mzito. Kaskazi huupasua nyufa, masika huufanya uteleze. Mtu aliyehamia Magongo kutoka Likoni hulazimika kujifunza upya, maana mkono uliozoea kumwagilia kila jioni huozesha mizizi pale. Huko hupandwa juu ya tuta lililoinuliwa, maji yapate njia ya kuondoka.

Na maji ni hesabu ya kila siku. Ya bomba hutoka mbali, Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, na hayafiki kila siku katika kila mtaa. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na chumvi huunguza ncha za majani. Basi mmea hupewa maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine: yaliyooshea mchele, yaliyosuuzia mboga, yaliyooshea samaki kabla hajatiwa chumvi. Maji ya samaki hupelekwa kwenye asumini na waridi, nayo humwagwa shinani jioni na kufunikwa kwa udongo, ili paka wasije wakachimba.

Anayetaka kuona ardhi hii inaweza kufikishwa wapi kwa subira aende Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954 na kikaacha machimbo ya matumbawe matupu, meupe, yenye joto kali. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti humo. Katika aina zaidi ya ishirini alizojaribu, ni chache tu zilizostahimili, na mvinje ndio uliotangulia. Sindano zake zilianguka zikalundikana bila kuoza, hadi walipoletwa majongoo, wakazila na kuzigeuza kuwa mboji. Kutokana na mboji hiyo ukaja msitu. Bibi wa Mishomoroni anayelundika majani ya mwembe nyuma ya choo chake anafanya kazi ile ile kwenye eneo la mkeka mmoja, na hana mhandisi wala mshahara.

Baada ya ardhi huja kisu. Asumini haitoi maua kwenye tawi kuukuu. Hutoa kwenye chipukizi la msimu huo. Kwa hiyo kichaka kilichoachwa kukua kipendavyo huwa kikubwa, chenye majani mengi, na maua machache juu kabisa ambako mkono haufiki. Mlezi hodari hukikata. Husubiri mkupuo wa maua uishe, hupunguza maji mpaka kichaka kionekane kimechoka, kisha hupogoa theluthi nzima au zaidi, akiondoa matawi yaliyokufa katikati na yale yanayolala chini. Halafu samadi, halafu maji kwa wingi. Wiki kadhaa baadaye kila tawi lililokatwa limetoa mawili au matatu mapya, na kwenye ncha ya kila moja vitumba vimekaa vitatu vitatu. Wakulima wa Tamil Nadu huko India, ambako asumini hulimwa kwa mashamba, hufanya hivyo hivyo mwishoni mwa mwaka ili wapate maua kuanzia Machi. Sijui kama elimu hii ilivuka bahari pamoja na mche au iligunduliwa mara mbili. Mkono umefika mahali pamoja.

Kipindi hicho cha kunyima maji ndicho kinachowashinda wengi. Ni vigumu kukitazama kichaka ulichokilea kikinyauka na ndoo iko hapo. Nimemwona mama mmoja wa Timbwani akipita kando ya asumini yake kila asubuhi na dumu mkononi, akienda kumwagilia mchicha, na asumini asiipe hata tone. Aliiangalia tu, akaangusha jani moja kwa kidole, akapita. Alikuwa anasoma jani lile linavyokunjika. Siku alipoona limefika alipotaka, alikata.

Sasa niufikie mtandamboo, ambao ndio hasa ulionifanya niandike. Wataalamu wa mimea huuita Carissa spinarum, na zamani waliuita Carissa edulis. Wakamba huuita mukawa, na Wamaasai olamuriaki; mtu aliyekuja Changamwe kutoka Machakos au Kitui huutambua haraka kuliko aliyezaliwa mjini. Ni kichaka cha porini, chenye majani madogo mazito ya kijani kilichokolea, na miiba iliyonyooka ya urefu wa kifundo cha kidole au zaidi. Maua yake hutoka kwa vishada kwenye ncha za matawi: meupe ndani, na kwa nje yamepakwa waridi, hasa kwenye mrija. Harufu yake iko karibu na ya asumini, nzito kidogo, na huzidi jua likizama. Baada ya ua huja tunda la duara, kwanza kijani, kisha jekundu, mwisho zambarau iliyokaribia weusi, ndani lina mbegu chache bapa na nyama tamu yenye uchachu kwa mbali.

Katikati ya Marekani pana kichaka kingine cha namna hii, Ribes odoratum, chenye maua ya manjano yanayonukia karafuu na matunda meusi ya kutengenezea jamu, na wenye bustani kule hukipanda karibu na mlango ili wakipitie kila siku. Hakiwezi kuishi Mombasa, kwani kinahitaji baridi ya majira yao ili kitoe maua. Lakini tamaa ya kuwa na harufu na tunda katika shina moja ni tamaa ya watu wengi, na sisi hatukulazimika kuagiza shina hilo kutoka mbali. Limo vichakani, kuanzia nyanda za pwani hadi bara.

Huko Mtongwe kuna bi mkubwa mmoja ambaye mpaka wa kiwanja chake wa upande wa magharibi ni mtandamboo mtupu, umesongamana kiasi kwamba kuku hapiti. Ukiutazama kwa haraka utadhani ni ua wa miiba tu, wa kuzuia mbuzi. Ukikaa nao utaona umepogolewa kwa hesabu. Kwa kuwa maua hutoka ncha za matawi, anayeukata kila mwezi ili unyooke kama ukuta hupata ukuta: hapati ua wala tunda. Yeye hukata mara moja matunda yakiisha, na hukata upande mmoja tu. Upande wa pili hungoja msimu unaofuata. Hivyo kila mwaka kuna sehemu inayojenga matawi na sehemu inayochanua, na mbuzi hawajapata mlango.

Nilipofika mara ya kwanza nilimkuta ameshika ungo, anachuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usilishike hilo, bado."

"Lakini jekundu."

"Jekundu lina maziwa. Liache liwe jeusi. Na likiwa jeusi, liguse tu. Likitaka kuja litakuja."

Nilijaribu nilivyoelekezwa. Tunda jeusi liliachia kikonyo kwa mguso wa kidole na kuangukia kiganjani. Jekundu lilishikilia, na nilipolivuta, kikonyo kilitoa tone la maziwa meupe, ya kunata, yaliyokauka kwenye ngozi na kuwa kama gundi. Yeye hupita kichaka chote hivyo, tunda kwa tunda, mkono wake ukiingia baina ya miiba kutoka chini kwenda juu, kwa sababu miiba imetazama nje na juu, na mkono unaoshuka hunaswa. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mimi nilikuwa nayo kabla ya kufikia tawi la tatu, na akanionyesha tena namna ya kuingiza mkono, kiganja kikiwa kimetazama juu, vidole vimekusanywa.

Matunda mengi huliwa na wajukuu hapo hapo, midomo ikibaki zambarau hadi usiku. Yanayobaki huchemshwa kwa sukari kidogo mpaka yawe mazito, na kutiwa kwenye chupa. Tunda la ndugu wa mmea huu kule India, karonda, huchumwa likiwa bado bichi na kutiwa achari kwa chumvi na pilipili, na sioni kwa nini watu wa Mombasa, ambao hutia achari karibu kila kitu chenye uchachu, wasijaribu. Mizizi nayo huchemshwa kwenye supu na watu wa bara, na wengi huihesabu kuwa dawa. Bi mkubwa hakubali mtu achimbe mizizi kwenye mpaka wake, na katika hilo niko upande wake.

Kuna jambo moja analowafundisha wajukuu kabla hawajaruhusiwa kuchuma peke yao, nalo ni zito. Mtandamboo una jamaa wa karibu anayefanana nao sana, msunguti. Una majani mazito yanayokaa mawili mawili vile vile, una maua meupe yenye waridi na harufu nzuri, una maziwa, na una matunda yanayokuwa zambarau yakiiva. Kutokana na msunguti Wagiriama walipika sumu ya mishale, na kwa sumu hiyo wawindaji wa Kiwaata waliwaangusha ndovu huko Tsavo. Tofauti ya kwanza anayoionyesha ni miiba. Mtandamboo unayo, msunguti hauna. Mtoto hufundishwa kutafuta mwiba kabla ya kutafuta tunda, na asipouona mwiba aondoke. Nimemwona akimjaribu mjukuu wa miaka kama saba kwa tawi alilolikwanyua miiba makusudi. Mtoto aligeuza tawi, akatafuta, akalirudisha. Bi mkubwa hakusema neno, akampa tunda kutoka ungoni.

Kilua, ua la mkilua, kinataka tabia nyingine kabisa. Asumini hulilia jua. Mkilua ni mtoto wa kivuli, mti mdogo wa chini ya miti mikubwa katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na haupatikani kwingineko kwa asili. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu aliyewahi kufanya kazi katika hifadhi ya mimea ya Nairobi kabla ya kuhamia Kew, aliuandika katika elimu ya mimea kwa jina la Mkilua fragrans. Wanawake wa pwani walikuwa wakiuvaa muda mrefu kabla ya hapo. Anayeuleta nyumbani huupanda chini ya mwembe au upande wa ukuta usiopigwa na jua la adhuhuri, huufunika mizizi kwa majani yaliyooza, na hauondoi tena. Haupendi kuhamishwa. Hukua polepole mno, na miaka ya mwanzo huonekana kama haufanyi lolote.

Kinachonifurahisha ni ukoo wake. Mkilua, mlangilangi, mstafeli na mtopetope ni wa jamii moja. Weka ua la mstafeli karibu na kilua uone: petali zile zile nene, za nyama, zinazovunjika kwa mlio mdogo ukizikunja. Katika ukoo huo mmoja wengine wametupa manukato na wengine wametupa matunda. Na wote wana tabia ya kwenda kwa saa. Ua la mstafeli na la mtopetope huwa jike kwanza, tayari kupokea chavua. Saa kadhaa baadaye huwa dume na kutoa chavua yake, wakati upande wa kike umekwisha kufunga. Wadudu wadogo ndio wanaopeleka chavua kutoka ua lililokwisha kuwa dume hadi lile lililo bado jike. Mjini ambako wadudu hao ni wachache, mti huchanua vizuri na usizae. Wakulima wa nchi nyingine hukusanya chavua kwa brashi ndogo na kuipaka kwenye maua ya kike kwa mkono. Mwenye mtopetope mmoja uani anaweza kufanya hivyo kwa unyoya wa kuku, bora tu awe ameyatazama maua yake siku mbili tatu akajua yanabadilika saa ngapi.

Langilangi nalo lina saa yake. Ua hutoka kijani, halina harufu ya maana, na huchukua siku nyingi kuiva hadi kuwa manjano. Huko Komoro, ambako hulimwa kwa ajili ya mafuta ya manukato yanayopelekwa Ulaya, mti ambao ungepanda juu kuliko nyumba hukatwa kichwa ukiwa mdogo na matawi yake kuvutwa chini, ili mchumaji asimame ardhini. Huchumwa alfajiri, na huchumwa yaliyoiva tu. Baadhi ya wenye milangilangi Kisauni wamefanya hivyo hivyo kwa kamba na matofali, wakafanikiwa. Mti umekaa mpana, mfupi, na nyanya wa nyumba anauchuma bila kumwita mtu.

Siwezi kusema habari za mimea ya miaka mingi katika bara ya Mombasa bila kutaja ardhi ni ya nani. Kwa vizazi kadhaa watu wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe wameishi katika nyumba zao wenyewe zilizosimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, wakilipia ardhi kila mwezi. Huko Likoni shamba la Waitiki, lenye ekari zaidi ya 900, lilikaliwa na maelfu ya watu wasio na hati hadi Januari 2016, serikali ilipoanza kuwapa. Fikiria maana ya kupanda mkilua mahali ambapo huna hakika utakuwapo mwaka ujao. Wengi walitumia madebe na ndoo zilizotoboka, na katika madebe hayo wakaendeleza ustadi wa pekee: kupunguza mizizi kila mwaka, kubadilisha udongo wa juu, kugeuza debe robo duara ili mmea usiinamie upande mmoja. Ninayo heshima kubwa kwa asumini ya debe. Lakini wengine walipanda ardhini hivyo hivyo, juu ya matumbawe wasiyoyamiliki, wakijua fika. Mtandamboo wa Mtongwe ni mmoja wa mimea hiyo.

Maua yakishachumwa kazi huhamia mikononi. Asumini hutandazwa juu ya jani la mgomba au kitambaa chenye unyevu, kivulini. Sindano huwa nyembamba, uzi wa pamba, na kitumba hudungwa kwenye mrija, karibu na petali lakini si ndani yake, ili kisipasuke kikifunguka. Mtungaji mzuri hupishanisha: kimoja kimetazama kulia, kimoja kushoto, koja lipate unene sawa pande zote. Kikuba kinataka fikra zaidi. Humo huingia rehani, vipande vya mkadi, asumini, na kilua kikipatikana, na kila kimoja kina umri wake. Rehani hunukia ikivunjwa na huendelea kunukia ikinyauka, asumini huanza usiku na kuisha asubuhi, mkadi hudumu. Anayekifunga hupanga ili harufu zipokezane, na kikuba kilichofungwa na mjuzi huwa bado kinasema kitu siku ya pili. Mrehani wenyewe hauhitaji maelezo mengi: ukatwe ncha kabla haujatoa mbegu, na uwe karibu na mlango wa jikoni.

Mwenye kutaka kuanza asingoje. Masika ndiyo wakati wake, na mwezi wa tano ndio huwa na mvua nyingi kuliko yote. Omba tawi la asumini lililokomaa, lenye unene wa penseli na urefu wa shubiri, uliondoe majani ya chini, uchomeke nusu yake kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini. Au fanya wanavyofanya wenye subira: inamisha tawi la chini la kichaka cha jirani, kwa idhini yake, ulifukie katikati, uliwekee jiwe, na uliache likiwa bado linanyonya kwa mama hadi lipate mizizi yake. Mtandamboo anza na tunda jeusi lililoachia lenyewe. Kula nyama, osha mbegu, uzipande siku hiyo hiyo, bila kuzikausha juani. Zikiota, zipe nafasi ya hatua moja kati ya mche na mche, na miaka miwili ya mwanzo usiguse kwa kisu isipokuwa ncha za juu, ili zitawanyike chini. Na kama umeanzia kwenye debe, likijaa mizizi utajua: maji hupita moja kwa moja bila kusimama juu. Hapo tafuta mtaimbo.